Kubalansi Milinganyo ya Kemia kwa Kuhesabu Atomu: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Nafundisha kemia hapa Mbeya. Kila mwaka maswali ni yaleyale, kuanzia kwa mtoto wa kidato cha pili anayeona namba ndogo chini ya herufi kwa mara ya kwanza hadi kwa mzazi anayekaa naye mezani usiku akitamani kumsaidia. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa mifano ya huku kwetu, kwa sababu nimeona mwanafunzi hushika haraka zaidi anapohesabu atomu za kitu anachokijua.

Kubalansi mlinganyo ni kufanya nini hasa?

Ni kuhakikisha kila atomu iliyoingia kwenye mmenyuko imeonekana upande wa pili. Basi tu.

Chukulia Coaster iliyotoka Makambako na abiria 30, na njiani hakuna aliyepanda wala aliyeshuka. Ikifika Uyole lazima washuke 30, hata kama wamebadilishana viti mara kumi. Atomu ni hivyo hivyo. Mmenyuko wa kikemia unabadilisha nani amekaa na nani, lakini hauumbi abiria wapya wala haumpotezi yeyote. Mfaransa Antoine Lavoisier alipima vitu kabla na baada ya mmenyuko ndani ya vyombo vilivyofungwa, akaona jumla ya uzito haibadiliki, na akaliweka jambo hilo wazi kwenye kitabu chake cha mwaka 1789. Miaka kama ishirini baadaye Mwingereza John Dalton akatoa sababu: kinachobadilika ni mpangilio wa atomu, zenyewe zinabaki.

Nimeona wachoma chokaa Songwe. Jiwe linaingia tanuruni zito, chokaa inatoka nyepesi. Hapo uzito haujapotea?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu anayeliuliza ametazama kwa macho yake mwenyewe. Watu husema "moto umekula jiwe". Hesabu inasema vingine:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Kushoto kuna kalsiamu 1, kaboni 1, oksijeni 3. Kulia kalsiamu 1, kaboni 1, na oksijeni 1 + 2, yaani 3. Mlinganyo umekaa sawa bila kuongeza namba yoyote. Sasa uupime: kilo 100 za jiwe la chokaa lililo safi hutoa kilo 56 za chokaa hai na kilo 44 za hewa ukaa. Zile kilo 44 zilipaa kutoka kwenye tanuru bila mtu kuziona. Hewa nayo ina uzito, na asiyeihesabu atadhani ameibiwa.

Haiishii hapo. Fundi akiimwagia maji ile chokaa hai, inachemka kwa joto lake yenyewe:

CaO + H₂O → Ca(OH)₂

Kilo 56 zinakunywa kilo 18 za maji, zinakuwa 74. Kisha chokaa ikipakwa ukutani, taratibu inavuta hewa ukaa kutoka hewani:

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Maji yanakauka na ukuta unarudi kuwa jiwe lilelile lililochimbwa, kilo 100 kamili. Naomba kila mwanafunzi wangu aandike milinganyo hii mitatu kwenye ukurasa mmoja na aifuatilie atomu moja tu ya kalsiamu tangu machimboni hadi ukutani. Akimaliza, neno "kubalansi" halimtishi tena.

Kwa nini siruhusiwi kubadili ile namba ndogo ya chini? Mbona ingekuwa rahisi?

Kwa sababu ukiibadili, umebadili kitu chenyewe.

Bodaboda ina matairi mawili, bajaji ina matatu. Nikikwambia nina matairi 12 na nataka bajaji, utaniambia zitatoka bajaji 4. Hiyo 4 ndiyo namba kubwa tunayoandika mbele. Lakini ukinibandikia tairi la tatu kwenye bodaboda ili hesabu yako itimie, hicho ulichotengeneza si bodaboda tena.

H₂O ni maji ya kunywa. Ukimwongezea oksijeni moja pale chini unapata H₂O₂, dawa inayotoa povu ikimwagiwa kwenye kidonda. Hakuna anayeweza kuinywa kwa kiu. CO₂ ni hewa iliyomo kwenye soda. Ukifuta ile 2 ndogo unabaki na CO, na hiyo ni sumu inayoua. Kwa hiyo ukikaribia kuichezea namba ya chini ili mlinganyo ukae, weka kalamu mezani kwanza.

Hiyo CO ndiyo inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani?

Ndiyo, na hapa nitakaa kidogo.

Mwezi wa sita na wa saba, Makete, Njombe, Mafinga na hata huku Uporoto, baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Mtu anaingiza jiko chumbani, anafunga dirisha, analala. Mkaa hauna moshi, umeshika vizuri, ni mwekundu wote, anaona uko salama. Tuhesabu.

Mkaa ni kaboni kwa sehemu kubwa. Hewa ikiwa tele:

C + O₂ → CO₂

Kila kaboni inapata oksijeni mbili. Chumba kikifungwa, oksijeni inapungua, na kaboni zinaanza kugawana kidogo kilichopo:

2C + O₂ → 2CO

Sasa kila kaboni imepata oksijeni moja tu. Kwa uzito, gramu 12 za kaboni zilizohitaji gramu 32 za oksijeni zimeridhika na gramu 16. Na hata hewa ukaa iliyokwisha kutengenezwa, ikipita katikati ya makaa mekundu, inageuka:

CO₂ + C → 2CO

Hesabu mwenyewe: kaboni 2 na 2, oksijeni 2 na 2. Ule mwali wa bluu unaouona ukicheza juu ya mkaa jioni ni CO inayoungua kwa kukutana na oksijeni ya juu:

2CO + O₂ → 2CO₂

Isipoungua, inabaki chumbani. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia kwenye damu inang'ang'ania pale ambapo oksijeni ingekaa, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anadhani ni uchovu, anajilaza.

Jiko la mkaa lisilale na watu, hata kama halina moshi. Ukimkuta mtu amelegea kwenye chumba chenye jiko, mtoe nje kwenye hewa mara moja na mkimbize hospitali. Nafundisha milinganyo hii miwili ya kwanza kabla ya mingine yote, na simruhusu mwanafunzi kuendelea hadi aweze kunieleza tofauti yake kwa maneno ya kumwelewesha bibi yake.

Nianzie wapi nikipewa mlinganyo? Mimi huwa nabahatisha tu.

Acha kubahatisha. Chora mstari katikati ya ukurasa, andika kila elementi, hesabu kushoto na kulia. Tuchukue gesi ya kupikia. Kwenye mtungi mara nyingi kuna mchanganyiko wa propani, C₃H₈, na butani, C₄H₁₀. Tuanze na propani:

C₃H₈ + O₂ → CO₂ + H₂O

Kaboni: kushoto 3, kulia 1. Weka 3 mbele ya CO₂.
Haidrojeni: kushoto 8, kulia 2. Weka 4 mbele ya H₂O.
Oksijeni tuliiacha makusudi, kwa sababu iko peke yake kushoto na hatuharibu kitu tukiibadilisha mwishoni. Kulia sasa zipo 6 kwenye hewa ukaa na 4 kwenye maji, jumla 10. Kushoto zinatembea mbilimbili, kwa hiyo tunahitaji 5.

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Kanuni ninayoitumia ni hiyo: anza na elementi inayoonekana sehemu moja tu kila upande, malizia na ile iliyosimama peke yake. Na zile 4H₂O zinaonekana kwa macho. Bandika sufuria la maji baridi kwenye gesi, utaona chini yake likitokwa jasho dakika ya kwanza. Maji hayo hayajavuja. Yamezaliwa na moto.

Butani inanigomea. Oksijeni inakuja namba witiri.

Kaboni 4, kwa hiyo 4CO₂. Haidrojeni 10, kwa hiyo 5H₂O. Oksijeni kulia ni 8 + 5 = 13, na huwezi kupata 13 kwa kuhesabu mbilimbili. Andika nusu bila woga:

C₄H₁₀ + 6½O₂ → 4CO₂ + 5H₂O

Kisha zidisha kila kitu kwa 2:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Nusu ni ngazi ya kupandia. Ukifika juu iondoe, kwa sababu mtihani unataka namba nzima.

Atomu zikilingana, na molekuli zinapaswa kulingana?

Hapana. Molekuli ni fungu la atomu zilizoshikana. Kwenye propani juu, molekuli 6 ziliingia zikatoka 7. Tunachohesabu ni atomu.

Mabano yananichanganya, kama Ca(OH)₂.

Namba iliyo nje ya mabano inazidisha kila kilicho ndani. Ca(OH)₂ ina kalsiamu 1, oksijeni 2, haidrojeni 2. Na kundi likivuka mshale bila kuvunjika, lihesabu kama kitu kimoja. Mfano ni chokaa na asidi ya fosforasi:

Ca(OH)₂ + H₃PO₄ → Ca₃(PO₄)₂ + H₂O

Kundi la PO₄ limevuka zima. Kulia yako 2, kwa hiyo weka 2 mbele ya H₃PO₄. Kalsiamu kulia 3, weka 3 mbele ya Ca(OH)₂. Haidrojeni kushoto sasa ni 6 + 6 = 12, kwa hiyo 6H₂O.

3Ca(OH)₂ + 2H₃PO₄ → Ca₃(PO₄)₂ + 6H₂O

Oksijeni zihesabu za kuhakiki: 6 + 8 kushoto, 8 + 6 kulia. Aliyehesabu kila O mojamoja tangu mwanzo amefika palepale akiwa amechoka.

Ulanzi nao una mlinganyo?

Unao, na wanafunzi wa Iringa wanaupenda. Utomvu wa mianzi una sukari, na chachu inaigeuza:

C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH + 2CO₂

Kaboni 6 zimegawanyika 4 na 2. Haidrojeni zote 12 zimeingia kwenye pombe. Oksijeni 6 zimegawanyika 2 na 4. Ndiyo maana ulanzi mtamu ukilala unapoteza utamu, unatoa povu, na dumu ulilolifunga sana linavimba: kwa kila molekuli ya sukari zinatoka molekuli mbili za hewa ukaa, na hazina pa kwenda. Hewa hiyo hiyo inatoka pia ardhini kule Rungwe, ambako huvunwa na kupelekwa viwandani kutilia soda gesi.

Mlinganyo ukikaa sawa, maana yake jambo hilo linatokea kweli?

Hapana, na hapa hata wanafunzi wazuri huanguka. Linganisha hii miwili:

4Fe + 3O₂ → 2Fe₂O₃
4Au + 3O₂ → 2Au₂O₃

Kwenye karatasi yote imekaa sawa. Wa kwanza, kwa kurahisisha, ni kutu: chuma ukikiacha nje kwenye mvua za huku, kinageuka. Wa pili hautokei, na ndiyo sababu pete ya dhahabu ya bibi bado inang'aa. Ukitaka kuona chuma kilichokaa nje muda mrefu, nenda Mbozi ukatazame kimondo. Kina uzito wa tani 16 hivi, asilimia 90 hivi ni chuma na sehemu kubwa ya kinachobaki ni nikeli.

Hesabu inakwambia tu kama jambo limeandikwa bila kupoteza atomu. Kama linatokea au halitokei, maabara ndiyo inayojibu.

Dhahabu ya Chunya je? Nimesikia inayeyushwa kwa sayanaidi. Mlinganyo wake unatisha.

Unatisha kwa macho tu. Kwanza niseme wazi kwamba sayanaidi inaua kwa kiasi kidogo sana, na mtoto asisogee kwenye matangi ya marudio, yaani ya mchanga wa dhahabu unaotiwa sayanaidi, kwa sababu yoyote. Tunaihesabu kwenye karatasi tu:

Au + NaCN + O₂ + H₂O → NaAu(CN)₂ + NaOH

Kila dhahabu moja inabeba CN mbili, kwa hiyo inahitaji NaCN mbili. Hizo zimekuja na sodiamu mbili: moja inabaki na dhahabu, nyingine inaenda kwenye NaOH. Kwa hiyo dhahabu 1, NaCN 2, NaOH 1. Haidrojeni ya NaOH moja inatoka kwenye nusu ya maji. Nusu hiyo ya maji imeleta nusu ya oksijeni inayotakiwa, na nusu iliyobaki inatoka hewani, ambayo ni robo ya O₂. Zidisha yote kwa 4:

4Au + 8NaCN + O₂ + 2H₂O → 4NaAu(CN)₂ + 4NaOH

Oksijeni kushoto 2 + 2, kulia 4. Haidrojeni 4 na 4. Kilichonivutia siku zote hapa ni ile O₂ moja: ikikosekana hewa, dhahabu haiyeyuki, hata sayanaidi iwe nyingi kiasi gani.

Mimi ni mkulima. Kuhesabu atomu kunanisaidia nini?

Kunakusaidia kusoma mfuko wa mbolea. Urea inatengenezwa hivi:

2NH₃ + CO₂ → CO(NH₂)₂ + H₂O

Naitrojeni 2 na 2, haidrojeni 6 kushoto, na 4 + 2 kulia. Sasa itazame urea yenyewe kwa uzito wa atomu zake: kaboni 12, oksijeni 16, naitrojeni mbili 28, haidrojeni nne 4, jumla 60. Naitrojeni ni 28 katika 60, na hapo ndipo inapotoka ile 46 iliyoandikwa kwenye mfuko. Kwenye mfuko wa kilo 50, chakula cha mahindi yako ni kama kilo 23. Ukijua hivyo, unaweza kulinganisha bei ya mbolea mbili kwa kilo ya naitrojeni badala ya kwa mfuko.

Kuna kinachohesabiwa zaidi ya atomu?

Chaji, yaani umeme wa chanya au hasi unaoonyeshwa na alama ndogo ya + au − juu ya herufi, pale zinapokuwepo. Udongo mwingi wa nyanda hizi una asidi, na tunautuliza kwa kuusagia jiwe la chokaa:

CaCO₃ + 2H⁺ → Ca²⁺ + H₂O + CO₂

Hesabu atomu kwanza, kisha chaji: kushoto +2, kulia +2. Zisipolingana, mlinganyo haujakamilika hata kama atomu zimetimia.

Kwa nini chuma ni Fe na si Ch? Na tukihesabu kwa Kiswahili tutaharibikiwa kwenye mtihani wa Kiingereza?

Alama hizi zilipendekezwa na Msweden Jöns Jacob Berzelius kati ya mwaka 1813 na 1814, akichukua herufi kutoka majina ya Kilatini: Fe kwa ferrum, Au kwa aurum, Na kwa natrium. Hata Waingereza wenyewe hawaiti chuma hivyo. Kwa hiyo hesabu kwa Kiswahili, kwa Kinyakyusa au kwa Kihehe. Unachoandika kwenye karatasi ya majibu ni kilekile.

Makosa gani yanawanyima watu alama?

Herufi. CO ni ile sumu ya jikoni, Co ni metali iitwayo kobalti. Mwandiko mbaya unageuza moja kuwa nyingine.

Kuandika O au N peke yake kama gesi. Haidrojeni, naitrojeni, oksijeni, florini, klorini, bromini na ayodini hutembea wawili wawili: H₂, N₂, O₂, F₂, Cl₂, Br₂, I₂. Na 2N si N₂. Ya kwanza ni atomu mbili zilizoachana, ya pili ni mbili zilizoshikana.

Kusahau kurahisisha. 4H₂ + 2O₂ → 4H₂O imetimia, lakini gawanya kwa 2.

Na kubwa kuliko yote ni kutorudia hesabu. Ukiweka namba moja mbele, inaweza kuvuruga elementi uliyokwisha kuimaliza. Ukimaliza, rudi juu uhesabu kila moja upya. Inachukua nusu dakika.

Mimi mzazi sikusoma kemia. Naweza kumsaidia mwanangu?

Unaweza, na huhitaji kitabu. Chukua mkeka, pitisha kamba katikati. Mahindi yawe haidrojeni, maharage mekundu oksijeni, njegere kaboni. Mwambie akupangie gesi ya kupikia upande wa kushoto: njegere 3 na mahindi 8 kwenye rundo moja, kisha mafungu 5 ya maharage mawili mawili. Halafu azihamishe punje zilezile, bila kuongeza hata moja kutoka kwenye gunia, ajenge hewa ukaa na maji upande wa kulia. Wewe kazi yako ni kutazama kushoto. Ikibaki punje yoyote, au akinyoosha mkono kwenye gunia, mwambie arudie.